Fundi wa Ijumaa

Ansab, Maskati
12 Oktoba 2023

Ami yangu Thabit,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, na dari la ukumbini halivuji tena. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimia sana. Goti lake la kulia limemgomea, ngazi anazipanda kwa kukaa na kunyanyuka, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote. Kaka Jaifar kapata mtoto wa kike Jumatatu iliyopita, wamemwita Aseel. Wanasema kafanana na mimi, maskini.

Barua hii anakuja nayo binti khale Reem, mtoto wa dada yake Mama, anakwenda harusini huko Unguja. Mama anasema ukipigiwa simu unaitikia "eeh, eeh" mpaka mtu akate, kumbe masikio hayakunasa hata neno. Basi tuandikiane. Mie napenda.

Sasa khabari ya kazi. Makumbusho yetu yameanzisha warsha za wanafunzi juu ya sanaa na turathi za Kihindi: kudarizi kwa vioo, mapambo ya unga wa rangi sakafuni, na kuchapa vitambaa kwa vibao vya mbao. Mkurugenzi wetu, Bi Rahaf, kanikabidhi mimi. Wasichana wa sekondari wanakuja kila Ijumaa baada ya alasiri. Mwanzo nilikuwa nawafundisha kwa picha za ukutani, na wao wananitazama kama watu wanaongoja basi.

Mwezi uliopita walikuja mafundi wa seremala mmoja wa Ghala, ule mtaa wa viwanda, kutufungia makabati ya vioo. Miongoni mwao mlikuwa na Mhindi wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Akasimama mbele ya vibao vyetu vitatu vya zamani vya kuchapia, tulivyoviandika ukutani kuwa ni mapambo matatu tofauti. Akaniita kwa Kiarabu chake cha kuvunjika: "Hii si tatu. Hii moja." Akanionesha kwa kidole juu ya kioo: hiki cha mistari, hiki cha kujaza kati, hiki cha kiwanja cha nyuma. Ua moja, rangi tatu. Miaka kumi na mmoja nimevipita vile vibao kila siku, Ami.

Anaitwa Valji. Ni Mkachi, mtu wa Kachi huko Uhindini, baba yake na babu yake walikuwa wakichonga vibao. Hapa Maskati anapiga misumari makabati ya jikoni. Nimemwomba awe anakuja Ijumaa, siku yake ya mapumziko, awafundishe wasichana. Ungemuona anavyoshika patasi!

Na nina ombi. Njoo Januari. Nikuweke weye na milango yako ya kuchonga meza moja, yeye na vibao vyake meza ya pili, watoto waone kuwa ni mkono mmoja uliovuka bahari. Bi Rahaf kakubali. Usiniambie hapana.

Mwanao,
Mazoon


Unguja
20 Novemba 2023

Mwanangu Mazoon,

Waalaykum salaam warahmatullah. Waraka wako nimeupokea mkononi mwa Reem na nimeusoma mara tatu. Dari bado linavuja, lakini limekuwa na adabu, linavuja pembeni. Mpe Mama salamu zangu, mwambie goti akandwe kwa mafuta ya moto ya habbasoda wala asijitie ukaidi. Aseel Mungu amkuze.

Nnakwambia kweli, sijafurahi hivi tangu zamani. Fundi aliyenishika mkono mie nikiwa kijana alikuwa Mkachi wa Mkunazini, na baada ya yeye kuondoka sikuona tena mtu wa kazi ile. Sasa weye umeniandikia kuwa anashika patasi vizuri, lakini hukuniandikia kidole gumba kinakaa wapi. Niandikie. Mbao anatumia gani? Anaichovya mafuta kabla au baada? Siku ngapi? Mstari anauchora kwa penseli, au anapaka chokaa kwanza ndo akaukwaruza? Usinifichie hata kidogo.

Kuja huko, pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda, na mambo ya hapa yamenishika. Tutazame mbele.

Jambo jengine. Huyo bwana ana kafili wake, mdhamini aliyemleta. Hiyo kazi ya Ijumaa kwenu ina karatasi? Mtu wa namna hiyo hasimami kwa mapenzi ya mwalimu, anasimama kwa karatasi. Litazame hilo kabla ya kutazama maua.

Khati yangu utaiona mbovu. Kalamu za siku hizi zinateleza.

Ami yako,
Thabit


Ansab
9 Januari 2024

Ami yangu,

Assalaam alaykum, na mwaka mpya huu Mungu aufanye wa kheri. Mama kakanda goti kwa habbasoda, na nyumba nzima sasa inanuka kama duka la dawa. Aseel anacheka. Huku baridi imeingia, ile baridi yetu ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne.

Kidole gumba: kinakaa juu ya bapa la patasi, karibu sana na makali, hata mimi natetemeka kutazama. Mkono mwengine hausukumi, unagonga tu kwa kipande cha mbao, tik tik tik, mfululizo. Ubao ni msaji. Anausugua kwa mchanga na maji juu ya jiwe, anaupaka chokaa, anauacha ukauke, ndipo anaukwaruza ua kwa sindano. Mafuta ni baada ya kuchonga, siku kumi na nne, ya haradali. Chumba changu cha kazi chote kina harufu yake.

Ijumaa iliyopita aliwatobolea wasichana kibao kwa keekee, matundu madogo yaliyopenya mpaka mgongoni. Mmoja akamuuliza ya nini. Akafikiri, anatafuta neno la Kiarabu, kisha akaweka kiganja kifuani akavuta pumzi. "Ipumue. Haipumui, rangi inazama." Watoto ishirini na wawili wakavuta pumzi pamoja naye, wallahi, bila ya kuambiwa. Tangu siku hiyo hakuna anayengoja basi.

Keshachonga vibao kumi na tisa. Hataki tuvipeleke popote, anasema viwe vya wasichana. Tumeweka picha yake mtandaoni, yuko katikati yao, mikono buluu kwa nili mpaka viwiko. Watu wengi sana wameipenda.

Karatasi: nimemwambia Bi Rahaf. Kasema tutamwandikia kafili mambo yakitulia. Nimemkumbusha mara mbili.

Ami, khati yako imebadilika. Herufi zimelalia kushoto. Umemwandikisha mtu? Na Januari ndiyo hii, mbona hukuniambia unakuja lini?

Mwanao,
Mazoon


Unguja
25 Februari 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Nyote nnakuombeeni afya. Hapa hapana jipya. Karakana nimeifunga kwa muda, mvule mzuri haupatikani.

Khati ni yangu. Usinitafutie maradhi.

Yale ya matundu nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Niandikie anavyogeuza patasi akifika kwenye mzingo wa jani, anageuza mkono au anageuza ubao? Mkachi wangu alikuwa akigeuza ubao. Kila Ijumaa mie huku nnakaa barazani saa ile ile nnajua huko mumeanza.

"Mambo yakitulia" si karatasi, Mazoon. Hukunijibu.

Thabit


Ansab
2 Mei 2024

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa. Ramadhani ilitubana, kisha Idi, kisha ile mvua kubwa ya Aprili. Ansab tulikaa siku mbili hatutoki, maji yanapita barabarani kama mto, gari la jirani likachukuliwa mpaka kwenye ukuta wa msikiti. Mama alikaa dirishani na tasbihi anahesabu magari. Alhamdulillah, kwetu hayakuingia.

Idi tuliwapeleka watoto Bustan pwani. Aseel kala mchanga. Jaifar kanunua mbuzi wawili, mmoja kakimbia, wakamfukuza mpaka bondeni wanaume watano na kanzu zao, Mama kacheka mpaka kalia. Reem kapata kazi benki. Anakusalimia.

Pilau ya Idi nimeipika mimi na watu wameisifu, ingawa nyama niliiacha motoni kuliko kiasi. Nimekuletea kwa mkono wa mwenye barua hii lubani ya Dhofari, kahawa, na halwa kopo moja. Halwa usile yote, sukari yako.

Kazini kwema. Warsha zinaendelea. Sasa tunaye mwalimu mpya, bibi mmoja anayefundisha mapambo ya unga wa rangi, na wanafunzi wanampenda. Wiki ijayo tunapewa cheti cha shukrani kwa ajili ya programu hii. Bi Rahaf kafurahi sana.

Jitunze, Ami. Kuna joto tayari.

Mazoon


Unguja
11 Juni 2024

Mazoon,

Waalaykum salaam. Lubani na kahawa nimepokea, halwa nimewapa majirani.

Umeniandikia kurasa nne. Mna mbuzi, mna mvua, mna pilau. Fundi hamna hata mstari mmoja.

Yuko wapi?

Thabit


Ansab
14 Julai 2024

Ami,

Assalaam alaykum. Mama mzima, watoto wazima. Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara nikaichana hapo kwenye "watoto wazima."

Ilikuwa Ijumaa ya mwanzo ya Machi, siku chache kabla ya Ramadhani. Wasichana walikuwa wanachapa kitambaa kirefu cha meza, kila mmoja na sehemu yake, na yeye anapita nyuma yao anawanyoosha mikono. Kumbe ile picha yetu ilimfikia kafili wake. Akapeleka malalamiko kuwa mfanyakazi wake anafanyishwa kazi pengine bila ya ruhusa yake. Na kweli ilikuwa bila ya ruhusa. Ile barua ya Bi Rahaf haikuandikwa kamwe, na mimi baada ya kumkumbusha mara mbili niliacha kumkumbusha, kwa sababu kila kitu kilikuwa kizuri na niliogopa kafili akisema hapana ndiyo basi.

Wakaingia wakaguzi wawili wa kazi na askari mmoja. Watu wa adabu, walitoa salamu, hawakupandisha sauti. Wakamtaka bitaka yake, kitambulisho cha ukaazi. Akaifuta mikono kwenye aproni na kuitoa. Mkaguzi akaisoma, akageuka akauliza: "Nani kamleta mtu huyu hapa?"

Bi Rahaf alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama mimi.

Nikasema: "Hatukumleta. Ni mgeni tu, kaja kutazama."

Ami, mikono yake ilikuwa buluu. Amevaa aproni yenye jina la makumbusho yetu kifuani. Mtoto mmoja, aliyekuwa mbele kabisa, akasema: "Mwalimu, si ndiye anayetufundisha?" Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa ukali ambao sijapata kuutumia kwa mtoto wa mtu.

Mkaguzi akamuuliza yeye mwenyewe: "Weye unafanya nini hapa?" Valji akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa kama mtu anayesoma kitu ili ajue kinataka nini. Kisha akasema: "Nimekuja kutazama." Kwa Kiarabu kile kile cha kuvunjika. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, mbali na rangi isichafuke. Wakaondoka naye.

Ningekwambia kuwa nilimfikiria Mama na goti lake, au nyumba, ungeniamini. Uongo. Nilijifikiria mimi. Niliona jina langu limeandikwa kwenye karatasi ya mkaguzi, nikaona ninavyoitwa ofisini, basi. Ni kitambo cha pumzi moja tu, na ulimi ulikuwa ushasema.

Ningesema kuwa sisi ndio tuliomwita, pengine makumbusho yangetozwa faini na yeye akarudishwa kwa kafili na onyo. Sijui. Kwa vile alikutwa na hakuna aliyemkubali, aliandikwa kuwa anafanya kazi ovyo mitaani. Wiki ya pili ya Ramadhani walimpandisha ndege, na amri ya kutorudi juu yake.

Na sijamaliza. Siku alipochukuliwa aliiacha miwani yake mezani. Baada ya siku tatu alikuja mwenzake wa chumbani, kijana wa Kitanganyika anaitwa Pius, dereva wa pale pale kwa seremala, akasema Valji kule aliko haoni, anaomba miwani. Nilimpa mlinzi ampelekee getini. Sikutoka. Nilisimama chumba cha kamera nikamuona kwenye kioo anaipokea, anaifunga kwenye leso, anauliza kitu, na mlinzi anatikisa kichwa.

Mei tukapewa cheti. Nilikipokea mimi, picha ipo.

Sikuandika kwa sababu weye ndiye mtu pekee uliyenionya. Nakuomba unisamehe.

Mazoon


Unguja
30 Agosti 2024

Mazoon,

Waalaykum salaam.

Barua hii nimeiandika kwa siku sita, na mwisho wake utajua kwa nini.

Unaniomba nikusamehe. Mie hukunikosea kitu hata nikawa na cha kukusamehe. Hilo usilete kwangu. Mwenyewe yupo, hakufa. Mtafute. Na hapo ulipo pana ofisi yenye karatasi inayosema uongo kwa ulimi wako. Nenda ukaseme uliyonambia mie. Pengine haitomrudisha. Nenda vivyo hivyo.

Nilitaka niishie hapo, lakini umenambia kweli na mie nafsi yangu inanidai nikwambie yangu. Mwaka jana, wiki ya Maulidi, nilianguka karakanani. Nilipoamka mkono wa kulia haukuwa wangu. Upo, unaning'inia, hauna khabari. Daktari kanipa mpira wa kuminya, nao hauminyiki. Karakana sikuifunga kwa ajili ya mvule. Patasi zangu nimemgaia Thabit wa Malindi, yule wajina, na mlango wa mwisho umebaki na nusu ya waridi. Kila nilichokuandikia tangu Novemba nimekiandika kwa mkono wa kushoto, na ndo maana herufi zimelala.

Sikukwambia kwa sababu ungelia, na Mama yako angelia, na mie sikutaka kilio. Nilitaka zile barua. Ulipokuwa ukiniandikia kidole gumba kinakaa wapi, nilikuwa nikikaa barazani nikifumba macho, nikifanya kazi. Kwa mikono yake yule bwana. Miezi minne nimechonga kwa mikono yake, Mazoon, na hajui kama nipo duniani.

Sikuandikii haya ili uumie. Labda nnakuandikia ili uumie. Sijui tena, nimechoka.

Mjibu yeye kwanza, kisha ndo uniandikie mie.

Thabit


Ansab
8 Novemba 2024

Ami yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako sikumsomea Mama yote. Nilimsomea ya mkono. Hakulia. Alinyanyuka kwenye kiti bila ya kushika kitu, akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na toka siku hiyo anasema anataka kuja Unguja, goti au si goti. Mtamalizana wenyewe. Aseel anasimama kwa kushika ukuta.

Nimefanya ulivyonambia. Kwanza nilikwenda kwa Bi Rahaf nikamwambia nataka kutoa maelezo upya, kwa maandishi, kuwa sisi ndio tuliomwita na mimi nilisema uongo mbele ya mkaguzi.

Akafunga mlango. Akasema: "Mazoon, umechelewa. Mtu keshakwenda."

Nikamwambia: "Najua."

"Basi unataka kumsaidia nani?"

Nikanyanyuka kwenda zangu. Akasema hatonizuia, lakini nisimtie yeye katika barua. Sikumtia. Niliandika mimi tu, na hilo nalo sijui kama ni ukweli au ni uongo mwengine wa adabu. Nikaipeleka ofisi ya kazi mwenyewe. Karani aliisoma yote, mzee mmoja mpole, akaigonga muhuri, akasema jalada limefungwa kwa sababu mhusika hayupo nchini. Amri ya kutorudi ipo pale pale, na wa kuomba iondolewe ni kafili.

Nikaenda Ghala kwa kafili. Alinikaribisha kahawa, Ami, na tende. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Valji alikuwa mtu mzuri, hakuwa na matatizo naye hata siku moja, na ningemwomba ruhusa ningepewa bila ya shida. Ndivyo alivyosema: "Ungeniomba tu, binti." Sasa keshaleta fundi mwengine, na hana haja ya kuombea mtu aliyekwishaondoka. Nilimaliza kahawa kwa sababu sikujua namna ya kuiacha.

Kazini wamenihamisha. Sifundishi tena, niko ghalani, naandika orodha. Vile vibao kumi na tisa niliomba virudishwe kwa mwenyewe, nikaambiwa vina namba tayari, ni mali ya makumbusho. Wasichana wa mwaka huu ni wengine. Nawasikia juu ya kichwa changu Ijumaa wakiburura viti.

Ilibaki kumtafuta. Sikuwa na namba yake, na nilipotafuta kwenye mafaili yetu hata jina lake la pili hatukuwa nalo. Mtu kaja kwetu miezi mitano. Nikangoja nje ya geti la makambi wanamolala wafanyakazi wa seremala mpaka Pius akatoka na gari. Alinijua. Nikajitayarisha kutukanwa.

Akasema: "Dada, mimi sina shida na wewe. Simama hapa kivulini."

Nikamuuliza siku ile getini alimuuliza nini mlinzi. Akasema: "Nilimuuliza kama madam ametuma ujumbe wowote. Kwa sababu mzee aliniagiza, alisema, huyo dada lazima atatuma neno, muulize."

Akaniambia Valji yuko kwao Kachi, anapakia chumvi kwenye malori. Nikamuuliza kama anachonga. Akasema chumvi inamla vidole, na vibao vya kazi ile siku hizi wanachonga kwa mashine. Nikamwomba ampigie. Alisita. Kisha akatoa simu, akapiga, akaongea naye kile Kiarabu cha kazini wanachoongea wao, neno hapa neno pale. Nikasikia jina la makumbusho. Nikasikia "madam." Pius akasikiliza, anaitikia. Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Dada, anauliza unataka nini."

Akanipa simu. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga siku nyingi kwa Kiarabu chepesi atakachokifahamu: kwamba nilisema uongo, kwamba nimekwenda kusema kweli, kwamba kuna mzee Unguja aliyefanya kazi kwa mikono yake na anamsalimia. Nilimsikia anapumua. Nyuma yake lori linarudi kinyumenyume, linalia, na watu wanapiga kelele kulielekeza. Yuko kazini. Kasimama kwa ajili yangu.

Na lile swali, Ami, hakuliuliza kwa ubaya. Aliliuliza vile vile alivyonitazama siku ile, ajue kinatakiwa nini ili akifanye.

Nikafungua mdomo nikaona kuwa kila nililolipanga lilikuwa ni kumwomba kitu kingine. Anisamehe, anipe nafasi, anisikilize, aniambie si neno. Sikuwa na hata moja la kumpa. Lori likanyamaza, mtu akamwita, na yeye akakata.

Pius akachukua simu yake, akaifuta kioo kwenye shati. Akaniuliza kama nina usafiri wa kurudi.

Mwanao,
Mazoon